Wilhelm Bleek, mzungu aliyeleta jina la Bantu: maisha yake na neno lililomponyoka

Ukipita sokoni Mweso, simama kidogo usikilize namna watu wanavyowataja watu. Mama wa mboga anasema batu banakuya. Mwalimu anayetoka shuleni na kitabu chake mkononi anasema watu wanakuja. Aliyeishi Kinshasa anasema bato bazali koya. Anayesema Kinyarwanda anasema abantu, na mfanyabiashara wa kutoka Butembo, kwa Kinande chake, anasema abandu. Batu, watu, bato, abantu, abandu: masikio yanapokea maneno tano, lakini ni neno moja tu limevaa nguo mbalimbali.

Mtu aliyetumia maisha yake kufungua siri hiyo ya nguo aliitwa Wilhelm Bleek. Alikuwa Mjerumani, alikufa mwaka 1875, na kwetu hakufika. Hata hivyo jina alilolitoa linatajwa kila siku katika milima yetu, mara nyingine kwa kiburi, mara nyingine kwa matusi, na mara nyingine, tuseme ukweli, kwa kuchochea watu wapigane. Jina hilo ni Bantu. Ndiyo sababu leo tunasimulia maisha yake.

Mtoto wa mwalimu wa dini

Wilhelm Heinrich Immanuel Bleek alizaliwa Berlin tarehe 8 Machi 1827. Baba yake, Friedrich Bleek, alikuwa profesa wa Biblia, baadaye akafundisha kwenye chuo kikuu cha Bonn. Kwa hiyo mtoto alikulia katika nyumba ya vitabu. Kusoma Agano la Kale kulihitaji Kiebrania, na Kiebrania kilimfungulia kijana huyu mlango wa lugha zingine.

Alisoma Bonn na Berlin. Alipofika mwaka 1851 akapata udaktari wake kwa kazi aliyoiandika kwa Kilatini, juu ya namna lugha za kusini mwa Afrika zinavyogawa majina ya vitu katika makundi. Alikuwa na miaka 24, na Afrika hajaiona hata kwa jicho. Alichokuwa nacho ni karatasi: orodha za maneno na vitabu vidogo vya sarufi vilivyoletwa na wamisionari na wasafiri. Mmoja wa wasafiri hao alikuwa Wilhelm Peters, mtaalamu wa wanyama aliyerudi kutoka Msumbiji na maneno ya huko. Bleek ndiye aliyeyapanga, na kitabu kikatoka mwaka 1856.

Mwaka 1854 alipata nafasi ya kwanza ya kuiona Afrika, katika msafara wa Waingereza wa kupanda mto Niger. Homa ikamkamata mapema, akarudishwa. Tangu hapo afya yake haikuwa nzuri tena, na mapafu yalimsumbua mpaka kifo.

Lakini hakukata tamaa. Huko Uingereza akakutana na watu wawili waliobadilisha njia yake: askofu John Colenso, aliyekuwa anaenda Natal, na George Grey, gavana mpya wa Waingereza kule Cape. Mwaka 1855 Bleek akasafiri na Colenso mpaka Natal ili amsaidie kuandika sarufi ya Kizulu. Akaishi katika vijiji vya Wazulu, akala chakula chao, akasikiliza namna wanavyozungumza, akafika hata kwa mfalme Mpande. Mwishoni mwa 1856 Grey akamwita Cape Town awe mkalimani wake, halafu mlinzi wa maktaba yake. Kazi hiyo ya maktaba njo iliyomlisha mpaka mwisho.

Kipande kidogo cha mwanzo

Tueleze sasa kile Bleek alichokuwa anakitafuta, sababu bila hicho maisha yake hayaeleweki.

Chukua jina la majirani wetu. Mtu mmoja ni Muhunde. Wakiwa wengi ni Bahunde. Lugha yao ni Kihunde. Inchi yao ni Buhunde. Katikati kuna hunde, haibadiliki. Kinachobadilika ni kile kipande kidogo cha mbele: mu-, ba-, ki-, bu-. Wataalamu wanakiita kiambishi. Kiko kidogo kama ufunguo, lakini ndicho kinachokuambia kama unazungumzia mtu, watu, lugha ao udongo. Fanya vilevile kwa Munande, Banande, Kinande, Bunande, utaona mlango uleule unafunguka. Msomaji wa Walikale ajaribu kwa Munyanga na Banyanga.

Wazungu wengi walioziona lugha hizi walichanganyikiwa. Kwao, neno linabadilika mwishoni. Kwetu linabadilika mwanzoni, tena halibadiliki peke yake. Ukisema batoto babili bamefika, ile ba- imetembea kwenye sentensi nzima, kama mzazi anayevuta watoto wake kwa mkono. Ukisema bitabu bibili bimefika, ni bi- sasa inaongoza. Bleek aliona kwamba kuvutana huko ndiko uti wa mgongo wa lugha zetu. Si mapambo.

Hakuwa wa kwanza kuona kwamba lugha za kusini na mashariki mwa Afrika zinafanana. Kabla yake kulikuwa wazungu wengine waliolinganisha maneno ya pande hizi wakashangaa. Tofauti ni kwamba Bleek alichukua vile vipande vya mwanzo, akaviweka mezani kimoja kimoja, akavipa namba. Mu- ya mtu ikawa namba 1, ba- ya watu namba 2, mu- ya mti namba 3, mi- ya miti namba 4, na kuendelea. Namba hizo Mjerumani mwingine, Carl Meinhof, alizipanua baadaye, na mpaka leo mwanafunzi anayesoma lugha za Afrika kwenye chuo kikuu anafundishwa kwa namba hizo.

Sura nyingi, maana nyingi

Uzuri wa kazi ya Bleek ni kwamba ilionyesha mambo mawili kwa mara moja. La kwanza: kiambishi kimoja kinaweza kuwa na sura nyingi. Ba- ya Kikongo na ya Ciluba ni ileile aba- ya Kinyarwanda, ya Kiganda na ya Kizulu, ni ileile va- ya Kishona, ova- ya Kiherero, a- ya Kikuyu, na wa- ya Kiswahili cha pwani. Kwa wasemaji wa pwani ile b ya zamani ililegea mdomoni mpaka ikawa w.

Hapo kuna habari njema kwetu. Mara ngapi mtoto wa Masisi amechekwa sababu alisema batu mahali pa watu? Kwenye redio tunajikaza tuseme watu, tukitoka inje ya studio tunarudi kwa batu. Kwa mitihani na kwa taarifa ya habari, sawa, tufuate Kiswahili sanifu, maana kinatuunganisha na Tanzania na Kenya. Lakini ba- siyo uchafu wala ujinga. Kiswahili chetu kiliipokea kutoka lugha za wazazi wetu, na kwa umri inapita wa-.

La pili: kiambishi kimoja kinaweza kuwa na sura moja na maana mbalimbali. Angalia ki-. Kwa majina ya lugha, ki- iko Kiswahili, Kihunde, Kirega. Kasaï inakuwa ci-, Ciluba. Botswana inakuwa se-, Setswana. Kwa Wazulu ni isi-, isiZulu. Wengine wakachagua kipande kingine kabisa: Bashi wanasema Mashi, Baganda wanasema Luganda, na Lingala ikabeba li-.

Lakini ki- ileile, kwa Kiswahili cha vitabu, inapunguza: mtoto akiwa mdogo sana ni kitoto, mlima mdogo ni kilima. Vuka kwa Kinyarwanda: umugabo ni mwanaume, ikigabo ni bwana mkubwa, tena kwa kumdharau. Hapa ki- imepunguza, pale imeongeza. Anayesema Kinyarwanda akitaka kupunguza anatumia aka-: akana, mtoto mdogo. Na sisi katika Kiswahili chetu cha Kivu tunasema nini? Katoto, na wakiwa wengi tutoto. Kiswahili sanifu kimeacha njia hiyo, sisi tumeishika.

Hata ba- inabadilika tabia. Kwa Lingala ya Kinshasa inawekwa karibu mbele ya kila kitu ili kuonyesha wingi, hata nyumba zinakuwa bandako. Kwa Kibemba, Zambia na kusini ya Katanga, ba- inaweza kuwekwa mbele ya jina la mtu mmoja tu, na maana yake ni heshima: mzee mmoja anahesabiwa kama wengi. Na bu- yetu ya Bushi na Bunande, pwani imebaki u-. Ndiyo maana inchi jirani inaitwa Uganda: ni Buganda iliyopita katika mdomo wa Waswahili, Waingereza wakaichukua hivyo. Hata bunga la sokoni kwetu, pwani ni unga.

Jina linazaliwa

Mwaka 1862 ulikuwa mwaka mkubwa kwa Bleek. Alitoa sehemu ya kwanza ya kitabu chake cha kulinganisha sarufi za lugha za kusini mwa Afrika. Sehemu nyingine ilifuata mwaka 1869. Mwaka huohuo wa 1862, mwezi wa Novemba, alifunga ndoa na Jemima Lloyd, msichana wa Kiingereza aliyempata Cape Town.

Katika kazi hiyo alihitaji jina la familia yote ya lugha zinazotumia viambishi hivi. Akachukua neno lililokuwa karibu kila mahali, ba-ntu, maana yake watu, akalifanya kuwa jina la familia ya lugha. Leo familia hiyo inahesabiwa kuwa na lugha karibu 500, kutoka Kameruni mpaka Afrika Kusini, na nyingi za Kongo ziko ndani.

Tuseme pia makosa yake, maana si mtakatifu. Bleek aliamini kama wazungu wengi wa wakati wake kwamba lugha zina ngazi, nyingine juu, nyingine chini. Aliandika kwamba namna lugha inavyogawa majina inaonyesha kiasi cha mawazo ya watu wake, na sisi wenye viambishi hakutuweka juu. Alisaidia pia kazi ya kupiga wafungwa waafrika picha kwa ajili ya wataalamu wa Uingereza waliotaka kupima miili ya watu. Masikio yake yalisikia vizuri, lakini macho yake yalikuwa ya ukoloni.

Wafungwa waliokuwa walimu

Miaka yake ya mwisho ni ile inayogusa moyo zaidi. Cape Town kulikuwa gereza karibu na bandari, la Breakwater, ambapo wafungwa walivunja mawe. Kati yao walikuwa Wasan, wale wazungu waliowaita Bushmen, wa kabila la |Xam. Walikamatwa kwa wizi wa mifugo, wakati mashamba ya wazungu yalikuwa yamekula inchi yao ya kuwinda. Lugha yao haikuwa ya Kibantu hata kidogo. Ilijaa sauti za kugonga kwa ulimi, na Bleek alijua iko karibu kufa.

Mwaka 1870 aliomba kwa gavana ruhusa ya kumtoa kijana mmoja wa gereza, aje kukaa kwake kwenye mtaa wa Mowbray. Mwaka 1871 akamfuata mzee mmoja aliyeitwa ||Kabbo, maana yake ndoto. Kazi ilikuwa moja: kusimulia. Bleek na shemeji yake, Lucy Lloyd, waliandika kila neno, upande mmoja |Xam, upande mwingine Kiingereza. Hadithi za mwezi, za nyota, za mvua, za wanyama waliokuwa watu. ||Kabbo alimaliza kifungo chake lakini akakubali kubaki, akitaka habari za watu wake ziingie katika vitabu. Mwaka 1873 akarudi kwao, na mwanzoni mwa 1876 akafariki.

Bleek alikuwa amemtangulia. Alikufa tarehe 17 Agosti 1875, miaka 48 tu, kazi ikiwa katikati, binti yake Dorothea akiwa mtoto wa miaka miwili. Lucy Lloyd akaendelea bila yeye. Kitabu cha hadithi hizo kilitoka mwaka 1911, na mwaka 1913 Lucy akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Kusini kupewa udaktari wa heshima. Mwaka uliofuata akafa. Dorothea naye alikua akaishika kazi ya baba. Kamusi yake ilitoka mwaka 1956, yeye akiwa tayari amekufa.

Daftari walizoandika zina kurasa zaidi ya 12,000. Leo hakuna mtu anayesema |Xam. Lakini sababu ya wafungwa wale, Afrika Kusini ilipotengeneza nembo yake mpya mwaka 2000, maneno yaliyoandikwa chini yake ni ya lugha hiyo.

Neno limeponyoka mkononi

Sasa turudi kwa jina. Bleek alilitoa kwa lugha. Hakupima damu ya mtu, hakuhesabu pua. Lakini jina likishatoka mdomoni halirudi.

Afrika Kusini, serikali ya ubaguzi ililichukua ikalifanya jina la waafrika weusi. Mwaka 1953 ilitoa sheria ya masomo ya Bantu, iliyokusudia mtoto mweusi asome kidogo tu, kiasi cha kumtumikia mzungu. Ndiyo sababu leo ukimwita mtu wa huko Bantu anaweza kukasirika: neno lenye maana ya watu liligeuzwa kuwa neno la kumwambia mtu kwamba hajatosha kuwa mtu.

Kwetu Maziwa Makuu lilipita njia nyingine. Wakoloni walichanganya lugha na damu, wakapanga watu kwenye masanduku: hawa Bantu, wale wametoka mbali, hawa walizaliwa kutawala, wale kulima. Wakoloni wameenda, masanduku yamebaki. Tunayasikia kwenye ujumbe wa WhatsApp unaozunguka wakati wa vita, tunayasikia hata kwa vijana wa kambi za wakimbizi ambao hawajui neno lilitoka wapi. Na kila mara masanduku hayo yakifunguliwa, kuna kijiji kinachokimbia.

Kwa hiyo tuweke mambo wazi, kwa kufuata sayansi ileile ya Bleek. Kihunde ni lugha ya Kibantu. Kinyarwanda ni lugha ya Kibantu: umuntu, abantu, hakuna mtaalamu anayebisha. Kinande, Kinyanga, Kirega, Mashi, Kiswahili, Lingala, zote ni za familia moja. Upande wa Ituri na Uele, Kialur, Kilendu na Kizande siyo za Kibantu. Je, wanaozisema siyo watu? Ni watu kamili. Lugha ya ||Kabbo haikuwa ya Kibantu, na Bleek alitumia muda mwingi kumsikiliza.

Lugha inakuambia mtu alikulia kati ya nani. Haikuambii damu yake, wala shamba ni la nani, wala nani abaki na nani aondoke. Anayetumia neno Bantu kwa kutenga jirani anafanya kazi ambayo neno hilo halikupewa.

Daftari yetu iko wapi?

Kuna swali moja la mwisho. Mzungu mgonjwa wa mapafu, kwa kalamu na wino, aliona lugha inakufa akaanza kuandika. Sisi tuna simu zinazorekodi. Wazee wa Bashali na wa Walikale wanajua hadithi, majina ya miti ya dawa, nyimbo za kulima, maneno ya zamani ambayo watoto waliozaliwa kambini hawajayasikia. Vita vimetawanya familia. Bibi yuko Kitshanga, wajukuu wako Goma, na lugha inapotea barabarani kati yao.

Hauhitaji kuwa profesa. Jioni hii, kama una mzee karibu, muulize tu anaitaje mtu mmoja, anaitaje watu wengi, anaitaje mtoto mdogo, halafu mwache asimulie. Rekodi, weka tarehe, weka jina la kijiji. Ukipita karibu na redio, tuletee tusikilize pamoja, lugha yoyote iwe.